Njia, madaraja na reli za Marekani ya zamani: maswali yenu haya hapa

Maswali ya safari hii ni mengi, nimechukua matano. Mengine yanafanana kwa hiyo usione kama umerukwa.

Hivi wazungu walikuta pori tupu wakaanza kuchonga barabara wenyewe, au kulikuwa na njia?

Njia zilikuwepo kitambo bwana. Nyingine za wenyeji, nyingine za nyati wa kule, maana kundi likipita hapohapo miaka na miaka linaacha barabara kabisa. Huyo Daniel Boone anayesifiwa kufungua njia ya Kentucky mwaka 1775, kampuni ya ardhi ilimpa watu kama 30 wenye mashoka, wakapita pengo la milima la Cumberland, na sehemu kubwa wakafuata njia ambayo Washawnee na Wacherokee walikuwa wanaipita siku zote. Wao walikata miti tu, tena mkokoteni wa farasi haukuweza kupita mpaka 1796.

Ila mimi naipenda zaidi njia ya Natchez Trace, kama kilomita 700 toka Natchez hadi Nashville. Watu wa bara walishusha unga na tumbaku kwa mashua bapa kwenye mto Mississippi, wakifika chini wanauza mzigo na mashua yenyewe inabomolewa inauzwa mbao, kwa sababu kupanda nayo kinyume na mkondo ni kujitesa, halafu mtu anarudi kwao kwa miguu kwa njia hiyo na pesa kiunoni, na majambazi wanajua fika kwamba anapita na pesa. Boti za mvuke zilipoanza kufika huko kuanzia 1812, njia ikapoteza watu taratibu.

Mbona madaraja yao ya zamani yana paa kama nyumba? Ni kwa ajili ya mvua isiwanyeshee wasafiri?

Wasafiri walifaidi tu, paa ni la daraja lenyewe. Mbao kule zilikuwa za kumwaga, chuma ghali, mafundi wa mawe wachache, basi wakajenga kwa mbao, na mbao ikilowa ikakauka ikalowa tena inaoza kwenye maungio. Ukiifunika inadumu miongo na miongo. Lile la Philadelphia juu ya mto Schuylkill, fundi wake Timothy Palmer, lilifunguliwa 1805 na likafunikwa, baada ya hapo wengi wakaiga.

Kichekesho ni kwamba majira ya baridi watu walisafiri kwa sleji (gari lisilo na magurudumu, linaloteleza juu ya theluji), na chini ya paa theluji haifiki, kwa hiyo kulikuwa na mtu wa kuchota theluji nje na kuimwaga ndani ya daraja ili sleji ziteleze. Na ukikimbiza farasi humo unapigwa faini, mtikisiko ule unalegeza mbao.

Ni kweli treni yao ya kwanza ilishindwa mbio na farasi?

Hadithi ndiyo inavyosimuliwa. Mwaka 1830 huko Maryland Peter Cooper alitengeneza kainjini kadogo, Tom Thumb, na mabomba ya ndani ya boila aliyapata kwa kukata mitutu ya bunduki (ubunifu wa gereji kabisa huu). Injini ilikuwa inaongoza, mkanda wa feni ya kupulizia moto ukachomoka, presha ikashuka, farasi akapita. Lakini kampuni ya reli ilishaona kinachokuja, na haikuchukua muda ikaachana na farasi.

Kilichonishtua mimi ni cha mji wa Charleston, kusini, mwaka uliofuata. Mchochea moto wa injini ya Best Friend alichoshwa na mlio wa mvuke kwenye valvu ya usalama, akaibana isilie. Boila ikalipuka, naye akafa. Dawa waliyoipata ni kuweka behewa la marobota ya pamba kati ya injini na abiria! Reli zenyewe nyingi zilikuwa mbao zilizopigiliwa ukanda wa chuma juu, na ukanda ukifyatuka ncha inatoboa sakafu ya behewa mpaka kwa abiria.

SGR yetu na reli zao upana ni mmoja?

Ndio, milimita 1,435, kipimo kilichotoka Uingereza. Ila Marekani kusini walitumia futi 5, pana zaidi kidogo, mpaka 1886 walipoamua kuhama. Kilomita kama 18,500 zilibadilishwa ndani ya siku mbili, 31 Mei na 1 Juni. Ujanja ulikuwa kwenye maandalizi, misumari ya ndani ilishapigwa mapema, siku ikifika unang'oa upande mmoja, unasogeza reli inchi 3, unapigilia, unasonga mbele.

Reli ya kuvuka bara waliijenga nani, na baada ya 1869 ulipanda treni New York ukashukia baharini upande wa pili?

Upande wa magharibi wengi walikuwa Wachina, maelfu kwa maelfu. Handaki la kileleni kwenye milima ya Sierra Nevada, kama mita 500 za jiwe gumu, kuna siku walisogea sentimita 30 tu. Wazungu walipewa chakula na malazi, Wachina walijilisha wenyewe. Juni 1867 waligoma, bosi Charles Crocker akawakatia chakula, baada ya wiki wakarudi kazini. Mimi hapo siwezi kumsifia huyo Crocker hata kidogo.

Kuhusu safari, hapana. Reli ziliungana Utah tarehe 10 Mei 1869, lakini mto Missouri hapo mji wa Omaha, katikati ya safari, haukuwa na daraja mpaka 1872. Abiria anashuka, anavuka kwa pantoni, anapanda treni nyingine. Baridi ikikaza mto ukaganda, walitandika mataruma na reli juu ya barafu, treni ikapita hapohapo.