Mkuu achana na baiskeli kwanza, ziwani umeingia mara ngapi?

Umeuliza ununue baiskeli gani, ule nini asubuhi ya mashindano, na kama wiki 8 zinatosha kwa triathloni ya Chicago ile ya kuogelea kilomita 1.5, baiskeli 40, kukimbia 10. Alafu katikati ukachomeka kasentensi eti "kuogelea sina wasi, nimekulia Kigamboni". Hako kasentensi ndo kamefanya chai yangu ipoe. Mi nimekulia Tanga bana, Raskazone nimeogelea kabla sijajua kusoma, na Agosti ya mwaka juzi nilikaa nimekumbatia kayaki (kamtumbwi kadogo) ya mwokoaji pale Monroe Harbor, bandari ya Ziwa Michigan mnapoogelea siku hiyo, kama mtoto wa nyani kwa mama yake. Chekeni tu, nshazoea.

Ilivyokuwa ni hivi. Kuna jamaa kwenye grupu letu la WhatsApp anajiita kocha (kocha wa nani sijui, hana hata namba ya kifuani ya mashindano yoyote) akaniambia kuogelea ni nusu saa tu, weka hela kwenye baiskeli. Nikaweka, dola 1,400 ya mtumba. Mazoezi ya maji nikafanyia bwawa la gym la yadi 25, nagonga mizunguko 60 natoka najiona samaki. Sasa hapo ndo sikujua kitu, kwamba kila yadi 25 ule ukuta unakupumzisha. Unausukuma kwa miguu, unateleza bure, unavuta pumzi, na chini kuna mstari mweusi unakuonyesha njia. Ziwani hamna ukuta, hamna mstari, ukichungulia chini ni kijani tu mpaka giza. Na hayo maji hayana chumvi, bahari yetu inakubeba mkuu, Ziwa Michigan halikujui wala halikubebi.

Wiki moja kabla nikaenda dukani kununua wetisuti, lile vazi la mpira. Muuzaji, kijana mdogo tu, nikamwambia mbona inanikaba shingoni, akajibu "lazima ibane, ukiingia majini inalegea". Mungu anamuona. Nikaijaribu sebuleni mbele ya kioo, mama watoto anavuta zipu huku ameweka goti mgongoni kwangu, watoto wanapiga picha, nikasema poa imeenea. Majini sikuivaa hata dakika moja. Na haikuwa lazima hata kidogo! Mwisho wa Agosti lile ziwa halina baridi ya kuua mtu, na sheria za triathloni za Marekani zinaruhusu wetisuti maji yakiwa chini ya nyuzi 25 na ushee za Selsiasi, zinaruhusu, hazikulazimishi. Yaani nililipa ili ninyongwe.

Siku yenyewe mnaingia kwa makundi, kila kundi na rangi yake ya kofia. Honi ikalia, mita kama 150 za kwanza nilienda kama nafukuzwa, mtu akanipanda mgongoni, mwingine akanipiga teke miwani ikaingia maji, nikainua kichwa nivute pumzi na pumzi haiingii. Kifua kimefungwa na lile limpira, shingo imekabwa, kadiri navuta ndo kadiri inakataa, na moyo nausikia masikioni. Niliwaza wanangu, sitanii. Mama watoto alikuwa juu ya ukuta wa bandari anatembea sambamba na sisi, maana pale watazamaji wanawafuata waogeleaji hatua kwa hatua, akawa anashangaa mbona ile kofia ya machungwa haisogei, akamwambia mtoto "yule sio baba, yule ni boya".

Kilichoniokoa ni binti wa kayaki, akaniambia shika hapa. Hii ikariri: kushika kayaki au boya unapumzika inaruhusiwa, hawakutoi, mradi usisogezwe mbele nayo. Nikashika, nikavuta kola maji yakaingia kifuani, pumzi ikarudi. Nikaachia, nikaenda tena, nikashika nyingine. Nilishika 4. Dakika 58 kwa kilomita moja na nusu, wazee wa miaka 70 wa kundi la nyuma walinipita wakanisalimia.

Na usione ni uoga wangu tu. Kuna madaktari wa Marekani 2017 walichapisha hesabu ya triathloni za kwao toka 1985 mpaka 2016, waliokufa au waliozimika moyo wakaokolewa, ukijumlisha na wa ajali, ni watu 135. 90 walikuwa kwenye kuogelea. Baiskeli unayoiwazia wewe haikaribii hata.

Kwahiyo sheria yangu moja: ziwani mara 6 kabla ya mashindano, umevaa kilekile utakachovaa siku hiyo, na watu wa kukubanabana pembeni. Kama hizo mara 6 hazipatikani ndani ya wiki 8, hamisha usajili wako uende ile triathloni fupi. Dukani baadaye.

Baiskeli... yangu ilienda vizuri tu kwenye Lake Shore Drive, ile barabara ya kando ya ziwa, hamna magari, raha, ila miguu ilishakuwa uji toka majini. Kukimbia ni jua na ziwa pembeni, nilitembea nusu yake. Jumla saa 3 na dakika 51. Kofia ya baiskeli funga kabla hujagusa baiskeli, wanatoa adhabu.

Chakula wengine watakujibu. Mi Jumamosi saa 12 na nusu asubuhi niko Ohio Street Beach, pale unaogelea sambamba na ufukwe na watu wa triathloni wamejaa. Nina kofia ya njano. Njoo na wetisuti yako kama ushanunua, na kama ulinunua kwa yule kijana njoo na risiti pia.