Goti Haliumi Tena: Je, Binti Yangu Arudi Kwenye Mbio za Theluji?

SWALI: Habari za kazi, daktari. Mimi ni Mtanzania, naishi Tirol nchini Austria. Binti yangu ana miaka 17 na anashindana mbio za skii katika klabu ya kijijini kwetu. Miezi mitano iliyopita alifanyiwa upasuaji wa kano ya msalaba ya mbele katika goti la kushoto. Sasa goti haliumi wala halivimbi, anapanda ngazi mbio, na anataka kuingia mashindano ya kufunga msimu, ambayo ni miezi miwili kutoka sasa. Tukimkataza anatutajia Lindsey Vonn wa Marekani, ambaye ameumia mara nyingi na kila mara akarudi. Kuna mtu ametuahidi sindano tatu za “kuotesha kano” kwa euro 1,800. Mama yangu naye ametuletea mafuta ya mbuni kutoka nyumbani. Tufanye nini?

JIBU: Dada yangu, asiingie mashindano hayo. Natanguliza jibu kwa sababu najua ukimaliza kusoma utaulizwa na binti, na ni vyema uwe nalo mkononi. Mimi si daktari wa upasuaji. Ni mtaalamu wa fiziotherapia, ninayepokea magoti baada ya mpasuaji kumaliza kazi yake, na barua kama yako ninaipata karibu kila wiki, ikibadilika mchezo tu. Huyu ni wa skii, yule ni wa mpira wa miguu, mwingine wa netiboli. Sentensi haibadiliki: “Goti haliumi tena.”

Sentensi hiyo ndiyo inayonikosesha usingizi. Maumivu baada ya upasuaji hutokana na kidonda, na uvimbe, na mfupa uliotobolewa kwa keekee ili kano mpya ipite. Hivyo vikitulia goti hunyamaza, na kunyamaza kwake hakutuambii chochote kuhusu uimara wa kano iliyomo ndani. Alichowekewa binti yako ni kipande kilichokatwa kwingine mwilini, kwa kawaida nyuma ya paja au kwenye kano iliyo juu au chini ya kilegesambwa, na siku kilipowekwa hakikuwa na mshipa hata mmoja wa kukiletea damu. Seli zake nyingi hufa. Kisha mwili huanza kukipenyezea mishipa, kuvunja nyuzi za zamani na kusuka nyingine, na katikati ya kazi hiyo kipande huwa dhaifu kuliko kilivyokuwa siku ya upasuaji. Udhaifu huo hufikia kilele takriban kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili, wakati uleule mgonjwa anapotupa magongo na kuanza kuwaambia watu kwamba amepona. Kukomaa huchukua mwaka mmoja, na mara nyingi zaidi ya mmoja. Kwa hiyo katika mwezi wa tano au wa saba tangu upasuaji binti yako ana goti lisilouma lenye kano ambayo bado inajengwa, na hakuna namna yoyote ya kuisikia ikijengwa.

Tumfikie huyo Vonn, maana nisipomgusa binti yako hatanisikiliza. Tarehe 5 Februari 2013, huko huko Austria mliko, katika mashindano ya dunia ya Schladming, mbio za super-G, yaani mbio za kasi zenye kona pana, zilicheleweshwa kwa saa kadhaa na ukungu. Vonn alitua vibaya baada ya kuruka, goti la kulia likakunjika, akabiringika na kuondolewa mlimani kwa helikopta. Kano ya msalaba ya mbele na ile ya upande wa ndani zote zilikuwa zimechanika, na sehemu ya juu ya mfupa wa muundi ilikuwa imevunjika. Wanaosimulia huruka kutoka hapo hadi Januari 2015 huko Cortina d'Ampezzo, alipovunja rekodi ya wanawake ya Annemarie Moser-Pröll kwa kupata ushindi wake wa 63 wa Kombe la Dunia. Hadithi tamu kweli. Ila kuna miezi karibu ishirini na minne katikati, na ndiyo ninayotaka binti yako aisome.

Novemba 2013, miezi tisa baada ya Schladming, Vonn alikuwa akifanya mazoezi Copper Mountain, Colorado, akaanguka na kuichana kwa sehemu kano ileile iliyotengenezwa. Hakufanyiwa upasuaji mara moja, kwani Olimpiki ya Sochi ilikuwa imekaribia. Desemba akashindana Lake Louise, Kanada, na baadaye mwezi huohuo, Val d'Isère nchini Ufaransa, goti likamsaliti katikati ya mbio bila hata kuanguka. Januari 2014 akajitoa Sochi na kurudi kwenye meza ya upasuaji. Safari hiyo ya pili hakukimbizana na tarehe ya Olimpiki. Alirudi Desemba 2014, karibu miezi kumi na moja baadaye, na katika wikiendi yake ya kwanza, Lake Louise hiyohiyo, akashinda mbio za mteremko. Mtu yule yule, goti lile lile. Siwezi kuapa kwamba miezi miwili ya ziada ndiyo iliyoleta tofauti, maana kuanguka kuna mambo mengi, lakini anayemtumia Vonn kama ushahidi wa kuharakisha amechagua shahidi wa upande wa pili.

Na yeye alikuwa na wapasuaji bora, wataalamu wa tiba ya viungo waliosafiri naye, chumba cha mazoezi kila siku, na kipato kilichomruhusu kufanya kupona kuwa kazi yake. Binti yako ana shule asubuhi na basi la saa tisa.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wa watoto wa skii hawaelezwi vya kutosha. Vifungo vinavyoshika kiatu kwenye skii, vile vinavyofunguka mtu akianguka, vilibuniwa kuokoa mfupa wa muundi. Vimeuokoa kweli, ila goti havikulikusudia. Katika mbio, jeraha la kawaida hutokea mtu akiwa bado amesimama: skii ya nje inapoteza mshiko kwenye barafu kwenye kona, mwanariadha ananyoosha mguu kuitafuta theluji, kisha makali ya ndani yanakamata ghafla na kulisukuma goti ndani huku muundi ukizunguka. Yote hayo huisha ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, kabla kifungo hakijafunguka na kabla ubongo haujajua. Kupanda ngazi mbio hakumwandai mtu kwa hilo hata kidogo. Kuna baba aliwahi kuniuliza kama akilegeza vifungo mtoto atakuwa salama zaidi. Nilimwambia atampunguzia usalama, kwa sababu skii itamtoka kwenye kona akiwa katika mwendo ambao hangetaka kuwa nao akiwa na skii moja.

Kalenda nayo isiabudiwe. Utafiti wa wataalamu wa Oslo na Delaware uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi mmoja wa kusubiri, hadi kufikia mwezi wa tisa tangu upasuaji, ulipunguza kiwango cha kuumia goti tena kwa takriban nusu. Hiyo inatosha kuifuta tarehe yenu. Lakini watu wengi huchukua mwezi wa tisa kama lango, wakiamini kwamba likifunguka kila mtu anapita, ilhali utafiti huohuo uliangalia pia nguvu za misuli ya mbele ya paja na namna mtu anavyoruka kwa mguu mmoja. Aliyefika mwezi wa tisa akiwa na paja jembamba hajafika popote.

Jaribu hili nyumbani leo jioni, si kwa ajili ya kumruhusu, bali ili naye aone. Asimame juu ya ukingo wa ngazi ya chini kabisa mbele ya kioo, kwa mguu uliopasuliwa, mikono kiunoni, ashuke taratibu hadi kisigino cha mguu mwingine kiguse sakafu, kisha apande tena, mara kumi. Mwambie atazame goti, asitazame uso wake. Linakimbilia ndani kuelekea kidole gumba? Nyonga ya upande wa pili inaporomoka? Ifikapo mara ya saba anajirusha badala ya kujiinua? Wengi wa mwezi wa tano hufanya yote matatu, na hakuna hata mmoja anayesikia maumivu. Baada ya hapo mwombeni mtaalamu wenu apime nguvu ya misuli kwa mashine, mguu kwa mguu. Tunadai angalau asilimia 90 ya mguu mzima, na tunakumbuka kwamba mguu mzima nao umelegea kwa kukaa bure, kwa hiyo hata asilimia hiyo inaweza kudanganya.

Sasa huyo wa sindano. Muulizeni swali moja tu: anachoma nini, kwa jina lake, kwa maandishi. Kama ni damu ya binti mwenyewe iliyozungushwa kwenye mashine ili kupata plazima (maji ya damu) yenye chembe sahani nyingi, zile za kugandisha damu, hiyo ni tiba inayojulikana, lakini hakuna ushahidi kwamba inaikomaza kano iliyopandikizwa ili mtu arudi mbioni mapema. Kama ni steroidi, itaondoa uvimbe na kumpa binti ujasiri, yaani itamnyang'anya onyo pekee alilobakiwa nalo. Na kama hataki kusema, basi mmejibiwa. Sindano yoyote ndani ya goti hufungua njia ya vijidudu, na goti lililooza usaha kwa mtoto wa miaka 17 nimeliona. Sitaki kulieleza hapa. Watu hawa hawauzi dawa, wanauza miezi. Wanajua mwanariadha ana tarehe kichwani, wanajua mzazi amechoka kuona mtoto akilia, na wanaweka bei katikati. Nimewakuta wenye koti jeupe na kliniki ya vioo, nimewakuta wenye chupa isiyo na lebo nyuma ya uwanja wa mazoezi, na maneno yao ni yaleyale. Kocha anayesema “mwache ajaribu tu, akisikia maumivu aache” yuko nao kundi moja, ingawa yeye hachukui pesa.

Wote huonyesha waliorudi. Mwanaskii Hermann Maier wa kwenu Austria, ambaye nusura akatwe mguu baada ya ajali ya pikipiki mwaka 2001, akashinda mbio za Kitzbühel Januari 2003; Vonn mwenyewe, aliyepata medali ya shaba kwenye Olimpiki ya PyeongChang 2018 na nyingine kwenye mashindano ya dunia ya Åre 2019 alipostaafu akiwa na ushindi 82 wa Kombe la Dunia. Goti hilo la kulia lilibadilishwa sehemu yake kwa kiungo bandia mwaka 2024, ili aweze kuishi bila maumivu. Aliporudi tena mbioni akashinda mbio za Kombe la Dunia huko St. Moritz akiwa na miaka 41. Kisha akachanika kano ya goti la kushoto, akaingia mbio za mteremko za Olimpiki ya 2026 huko Cortina nalo likiwa hivyo, akaanguka sekunde chache baada ya kuanza na kuvunjika mguu huohuo. Mwenyewe alisema goti halikuwa chanzo, na sina sababu ya kumbishia. Alikuwa mtu mzima aliyejua anachouza na anachonunua. Waliokuwa na miaka 17, wakarudi mwezi wa saba na kuchanika tena, hawana video. Wako kwenye orodha yangu ya wagonjwa wa Jumanne.

Najua pia kwamba mtoto wetu kwenye skii hana wengi wa kuwatazama. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, alishindana kwa bendera ya Kenya PyeongChang 2018, katika super-G ileile aliyokuwemo Vonn. Binti akitaka jina la kubandika ukutani, hilo nalo lipo.

Msimu huu apewe kazi ya kupiga saa klabuni, aendelee na mazoezi ya paja mara tatu kwa wiki, na apimwe upya mwezi wa tisa tangu upasuaji. Kuhusu mafuta ya mbuni: mshukuru bibi yake, mpake usiku baada ya kuoga, mbali na kovu kama bado ni bichi. Hayaingii ndani ya goti, lakini hayana ubaya, na hayajawahi kuuzwa kwa euro 1,800.