Muulize Mkunga Kabla Uchungu Haujaanza

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza hapa Busia, upande wa Uganda, nilitoka wodini nikiwa na khanga mbili, kadi ya chanjo ya mtoto na maelezo ya namna ya kusafisha kitovu. Kuhusu uzazi wa mpango niliambiwa sentensi moja tu, tena na muuguzi aliyekuwa tayari ameshika faili la mzazi mwingine: nirudi baada ya wiki 6. Nilirudi kama nilivyoagizwa. Mtoto akachanjwa, foleni ilikuwa ndefu, jua likazidi kupanda, na hakuna aliyeniuliza lolote kunihusu mimi mwenyewe. Mtoto alipofikisha miezi 8, nilikuwa na mimba nyingine.

Mimi si mtaalamu wa afya. Nauza vitenge karibu na mpaka. Lakini nimezaa mara tatu, na kila mara nilipewa ushauri wa namna tofauti, kwa hiyo ninayoyasema hapa nimeyalipia.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuamini kwamba mama anayenyonyesha hashiki mimba maadamu hajaona damu ya mwezi. Imani hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayoponza wengi. Ni kweli kwamba kunyonyesha huzuia mimba kwa zaidi ya asilimia 98, lakini kwa masharti matatu ambayo lazima yatimie yote kwa pamoja: mtoto awe hajafikisha miezi 6, hedhi iwe haijarudi, na mtoto awe ananyonya tu, mchana na usiku, bila maji wala uji. Mimi nilirudi sokoni mtoto akiwa na miezi 4. Mdogo wangu alibaki naye nyumbani akimpa uji mwepesi wa mtama kwa kikombe, na kwa kuwa mtoto alishiba, akaanza kulala usiku kucha, nami nikamshukuru Mungu kwa usingizi. Sharti la kunyonya lilivunjika hapo, la umri likafuata miezi miwili baadaye, na mimi bado nilijihesabu salama kwa sababu tu sikuwa nimeona damu. Sikujua kwamba yai hupevuka kwanza na hedhi huja baadaye, hivyo mwanamke anaweza kushika mimba bila kuona hedhi hata moja tangu ajifungue. Kwa mama asiyenyonyesha kabisa, yai laweza kupevuka mapema hata katika wiki ya 4.

Mama mkwe wangu, alipoona mkubwa anakonda na kulialia, alisema nimembemenda mtoto. Niliumia kwa neno hilo, ingawa sasa naona wazee walikuwa wanakiona kitu cha kweli, ila maelezo yao ndiyo yaliyokosea: si ila iliyoingia katika maziwa, bali ni mtoto kuachishwa ziwa kabla ya wakati na mama kubeba mimba huku mwili wake haujarudisha damu uliyoipoteza. Shirika la Afya Duniani linashauri mama angoje angalau miezi 24 baada ya kujifungua ndipo atafute mimba nyingine. Wangu wawili wamepishana miezi 16.

Baada ya wa pili, nilikwenda mwenyewe kutafuta njia, nikiwa na hofu na haraka. Nikachomwa sindano ya miezi mitatu. Muuguzi hakuwa mtu mbaya, ila alinieleza kwa Kiganda, na Kiganda changu ni cha kununulia na kuuzia. Nilichoambulia ni kwamba siku zangu zitabadilika. Sikuelewa kwamba kubadilika kunaweza kuwa matone ya damu kwa wiki kadhaa mfululizo, na pia kunaweza kuwa kukosa hedhi kabisa, na kwamba yote mawili hutokea kwa wanawake wengi wanaotumia sindano hiyo. Nilipotokwa na matone kwa siku ishirini na kitu, jirani akaniambia kizazi kinaoza. Sikurudi kwa sindano ya pili. Hapo nitasema wazi: Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, kwa hiyo usione haya kumwambia muuguzi, "Dada, samahani, nieleze kwa Kiswahili," au kuomba mtu wa kukutafsiria. Ushauri usioeleweka ni sawa na dawa iliyobaki dukani.

Mimba ya tatu niliitaka, nayo ndiyo iliyonikutanisha na mkunga aliyenifundisha kazi hii inavyopaswa kufanywa. Hakungoja nizae. Katika hudhurio la mwezi wa nane alinivuta kwenye benchi la pembeni, akafungua kisanduku cha plastiki, na kuniwekea kiganjani vijiti viwili laini, kila kimoja kama njiti ya kiberiti, na kitanzi kidogo cha kuwekwa ndani ya kizazi, chenye umbo la herufi T na kilichozungushiwa waya wa shaba. Alinitaka nivishike, nivipinde, nivinuse nikitaka. Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimewahi kuulizwa.

"Mama, hii utakaa nayo usiku nyumbani, mimi sitakuwepo. Ni kitu gani kitakutia hofu kuliko vyote?"

"Damu," nilimjibu.

Tukaongea kuhusu damu kwa muda mrefu kuliko jambo jingine lolote. Aliniambia kwamba vipandikizi, yaani vile vijiti vya kuwekwa chini ya ngozi ya mkono, navyo huvuruga hedhi, hasa miezi ya mwanzo, kwamba kitanzi cha shaba hakina homoni lakini chaweza kuongeza damu na maumivu ya hedhi, na kwamba matone yakinisumbua nirudi kwake, kwa kuwa zipo dawa za kuyapunguza, na kama bado sitaki, atakiondoa. Neno hilo la kuondoa ndilo lililonituliza. Mtu hukubali kuingia chumbani akiujua mlango wa kutokea.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: zungumza na mkunga ukiwa bado na mimba, kichwa kimetulia. Baada ya kuzaa una usingizi, una maumivu, na ndugu wanakusubiri nje na chupa ya uji. Isitoshe, baadhi ya njia zina saa yake. Kitanzi cha shaba huwekwa ndani ya saa 48 tangu kujifungua, na ukipitwa na muda huo unasubiri hadi wiki ya 4. Kikiwekwa mapema hivyo, uwezekano wa kutoka chenyewe ni mkubwa kidogo, kwa hiyo urudi ukaguliwe. Vipandikizi unaweza kuwekewa kabla hujatoka wodini hata kama unanyonyesha. Sindano, kwa anayenyonyesha, kwa kawaida husubiri wiki ya 6. Vidonge vyenye homoni mbili si vya mama anayenyonyesha mtoto mchanga. Huweza kupunguza maziwa, na majuma ya mwanzo baada ya kuzaa damu ya kila mama huwa rahisi kuganda kwenye mishipa. Vile vya homoni moja havina tatizo hilo.

Sindano naitetea kidogo, kwa sababu niliiacha kwa kutoelewa. Siku hizi ipo ndogo ya chini ya ngozi ambayo mama hufundishwa kujidunga mwenyewe nyumbani, jambo linalomfaa mfanyabiashara asiyeweza kufunga kibanda kila baada ya miezi mitatu. Ila ujue kwamba ukiiacha, rutuba huchelewa kurudi, kwa wastani takriban miezi 10 tangu sindano ya mwisho. Si ugumba, ni kuchelewa, na anayepanga kuzaa mwakani afadhali achague njia nyingine.

Mweleze pia mshauri dawa unazotumia, hata zile unazozificha. Dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini, na efavirenzi miongoni mwa dawa za virusi vya UKIMWI, hupunguza nguvu ya vipandikizi. Na katika njia zote hizi, inayokinga virusi ni kondomu peke yake.

Kuhusu mume, sheria ya kliniki haidai saini yake ili upewe njia, nawe usikubali kurudishwa nyumbani kwa sababu hiyo. Hata hivyo mimi nilimchukua wangu. Ni dereva wa lori, ana maneno mengi, na alikuwa amesikia barabarani kwamba kijiti husafiri mwilini hadi moyoni. Mkunga hakumcheka. Alimwomba anyooshe mkono, akabonyeza mahali pa chini ya ngozi pa kuwekea, akamwambia, "Baba, hapa utakigusa kwa kidole kila siku ukitaka." Tangu siku hiyo yeye ndiye anayewabishia madereva wenzake.

Niliwekewa vipandikizi siku iliyofuata baada ya kujifungua. Ganzi iliuma kama kuumwa na siafu, kisha nikahisi msukumo tu, bila maumivu, na bandeji ikakaa siku chache. Matone yalinijia mwezi wa tatu na wa nne. Safari hii niliyajua jina, nikavaa pedi na kuendelea kupima vitambaa.

Vya kwangu, vya njiti mbili, hudumu miaka 5. Vya njiti moja huandikiwa miaka 3. Tarehe ya kuviondoa imeandikwa kwa kalamu ya bluu kwenye kadi ndogo niliyoibana pamoja na kadi ya chanjo ya mtoto, ndani ya bati la biskuti juu ya kabati, na mume wangu ameiandika pia kwenye simu yake.