Honda ya Mjomba na Fundi Aliyeniambia Nikanywe Chai

Juzi nimepata meseji ya dada mmoja yupo Nachingwea, kaachiwa Honda CG 125 na marehemu baba yake, imelala stoo miaka na miaka, ndugu wanamwambia auze kwa kilo kwa wale wanunuzi wa chuma chakavu, anauliza nimshauri nini. Nimemjibu kwa voisi ndefu mpaka bando likakata, nikaona bora niandike kabisa maana najua wengi mnaonisoma mna mashine za namna hiyo au mnazitafuta, na mtu mwenye akili zake hauzi Honda kwa kilo.

Wengine mnaikuta barabarani mnaona kikongwe tu. Hii pikipiki Honda waliianza mwaka 1976, na waliiunda kwa ajili ya nchi kama zetu, kwamba mtu atabeba mzigo kuliko uwezo, atapita vumbi, na oili atabadilisha siku akikumbuka. Injini yake haina cheni ya taimingi kule juu, valvu zinasukumwa na fimbo mbili zinazotokea chini, basi vitu vya kulegea na kukatika vinakuwa vichache. Wachina wakaichukua injini hiyo wakaiiga, ndio maana zile pikipiki za Kichina za 125 na 150 zilizojaa huku nyingi ni za ukoo ule ule, na ndio maana plet za klachi, gasketi, hata ringi unazipata kwenye maduka ya spea ya huku huku Newala na Tandahimba bila kuagiza Dar. Ila nenda na kile kifaa cha zamani mkononi ulinganishe dukani pale pale, usikubali neno "inaingia hiyo" kutoka kwa kijana anayechezea simu.

Ya kwangu ilikuwa ya mjomba. Aliinunua kwenye mnada wa mradi uliokuwa unafungasha virago, akaibebea salfa ya kupulizia mikorosho, akaibebea korosho, akambebea na shangazi kwenda kliniki, na kila Ijumaa akitoka msikitini anatandika kipande cha turubai chini ya mwembe anaanza kufungua. Mimi ndio nilikuwa mshika spana. Watoto wake wa kiume walikuwa wanakimbia, mimi nakaa, namba kumi, namba kumi na mbili, bisibisi bapa, bisibisi ya nyota, akinyoosha mkono haangalii anajua nitampa ya sawa. Alipofariki wanawe walisema wao wanataka Boxer, hii makelele, basi ikaja kwa mpwa. Nikaenda TRA nikahamisha jina kwenye kadi (na wewe wa Nachingwea usisahau hilo, pikipiki ya marehemu isiyohamishwa jina ni kesi inayosubiri siku yake), nikaanza kwenda nayo kazini. Mimi ni nesi, zahanati yangu iko nje ya mji, mchanga mtupu.

Sasa hapo ndio lilinikuta la kunikuta, na mpaka leo nikikumbuka kifua kinapanda.

Ilikuwa msimu wa kupulizia, mwezi wa sita ule, mikorosho yote inapigwa salfa ya unga, asubuhi ukipita mashambani unakuta wingu la njano limekaa njiani. Natokea Masasi, kwenye ule mlima wa kupandia Newala pikipiki ikaanza kukosa nguvu, inamisi, inatoa moshi mweusi, gia ya pili haivuti mpaka niweke moja. Nikaipeleka gereji moja, jina naliacha. Fundi akavuta mafuta mara mbili akasikiliza kama daktari, akasema kabureta, ile inayochanganya mafuta na hewa, imekufa. Nikamwambia mbona jana ilikuwa nzima. Hakunijibu mimi, akamgeukia mdogo wangu niliyempakia, kijana wa form two hajui hata plagi iko wapi, akamwambia yeye, "mwambie dada akanywe chai, mje saa kumi." Na mimi kwa kuwa nina usingizi wa zamu ya usiku nikaenda. Saa kumi nakuta kabureta mpya inang'aa, ya Mchina, pikipiki inawaka, hela imetajwa. Naulizia ile ya zamani, eti imetupwa.

Nafika nyumbani inamisi vile vile! Nikafungua pembeni kwenye filta ya hewa, ile sponji imejaa salfa na vumbi jekundu limekamatana na oili, ngumu kama mkate wa juzi, hewa itapita wapi. Nikaiosha kwa mafuta ya taa na sabuni, nikaianika, nikaipaka oili kidogo nikaikamua, nikarudisha. Pikipiki ikaondoka. Yaani kabureta haikuwa na kosa lolote.

Halafu baada ya muda nipo kijiwe cha bodaboda nasubiri mtu, naona CG nyingine imepaki, macho yakaenda chini kwenye bakuli la kabureta. Skrubu moja ya shaba, nyingine ya chuma. Ile ya shaba aliiweka mjomba mwenyewe, aliitoa kwenye taa ya zamani baada ya ile ya asili kuliwa kichwa, mimi ndio nilimshikia tochi. Nikasema hii kabureta ni yangu. Kijiwe kizima kilicheka, mmoja akasema mwanamke gani anajua skrubu ya kabureta, mwenye pikipiki naye ni kijana wa watu kainunua kwa hela yake, hana kosa, nitamfanya nini. Nikameza. Ila kabureta ya Keihin ya asili, yenye jeti zake (vile vitundu vya shaba vya kupitishia mafuta) ambazo hazijachokolewa, huipati dukani kwa sura, na ile ya Mchina niliyofungiwa mpaka leo inasumbua sailensa, yaani kunguruma bila kuvuta mafuta, ikiwa baridi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ukitaka wa mwisho pia ni huo huo, usimwachie fundi pikipiki ya zamani ukaenda zako. Kaa pale. Vuta ndoo kaa. Pikipiki ya zamani thamani yake ni vile vitu vya asili vilivyobaki ndani, na kila fundi anajua hilo kuliko wewe mwenyewe. Kilichotolewa uondoke nacho kwenye mfuko hata kama kimekufa kweli. Na ukiweza, usimpelekee kabisa, fanya mwenyewe, maana mambo tisa kati ya kumi ya hii mashine yanataka spana chache na subira.

Filta ya hewa kwanza. Nasema filta kwanza kabla hujagusa kitu kingine chochote, na huku kwetu msimu wa salfa naifungua kila wiki, wewe wa Nachingwea na Ruangwa vumbi lenu nalifahamu, fungua na wewe. Usiioshe kwa petroli, cheche moja tu umeunguza nyumba. Usiikamue kwa kuisokota kama dekio, inachanika, ibonyeze tu.

Baada ya filta toa plagi uisome. Kahawia ya chai ya maziwa, injini iko sawa. Nyeusi ya masizi makavu, mafuta mengi hewa kidogo, rudi kwenye filta (mnaona?). Nyeupe, hewa nyingi, tafuta panapovuja karibu na kabureta. Ikiwa imelowa oili hapo ujue ringi au valvu zimechoka, na hilo ndio la hela. Nafasi ya ncha ni 0.6 mpaka 0.7 ya milimita, na plagi yake ni D8EA. Kama yako ni zile za zamani sana zenye platini (zile ncha za kukatia umeme wa cheche), angalia na zenyewe, sugua kwa msasa laini, futa, mara nyingi watu wananunua koili mpya wakati platini imeota kutu tu.

Kabureta mimi nafungua mwenyewe saivi, na ya yule Mchina imenifundisha kwa lazima. Funga koki ya mafuta, toa bakuli, utakuta uchafu wa kahawia chini, huo ni kutu ya tanki. Jeti zipulize kwa pampu ya baiskeli. Ukimwona mtu anachokoa jeti kwa waya wa breki mnyang'anye, ile ni shaba laini, akipanua tundu pikipiki itakunywa mafuta mpaka ujute.

Ila kitu ninachojivunia, na nitakisema bila aibu, ni kupima tapeti, ile nafasi ndogo inayoachwa juu ya valvu. Mjomba alikuwa hanishikishi hapo, alikuwa anasema hapa panataka mkono mtulivu. Mimi mtu anayetafuta mshipa wa mtoto mchanga saa nane usiku kwa tochi ya simu, mkono mtulivu ninao. Injini iwe imelala usiku kucha, baridi kabisa. Unatoa plagi ili izunguke kirahisi, unafungua kifuniko cha juu kwenye valvu na kile cha kushoto chenye sumaku, unazungusha taratibu mpaka alama ya T ilingane na alama ya kwenye bodi, na hapo valvu zote mbili ziwe zimelegea kidogo ukizitikisa kwa vidole, kama moja imekaza ujue umekosea mzunguko, zungusha tena raundi nzima. Nafasi ni 0.08 ya milimita zote mbili, ya kuingiza na ya kutoa. Unapitisha kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, fila geji, kipite kwa kukwaruza kidogo, kisichezecheze wala kisigome. Hapo kwenye kukaza nati ndio mtihani wenyewe, maana ukikaza nati skrubu nayo inataka kufuata, unaishika kwa mkono mmoja unakaza kwa mwingine, halafu unapima tena, na karibu kila mara unakuta imebadilika unaanza upya. Jumamosi iliyopita nimeanza baada ya chai, mpaka adhuhuri bado nipo, jirani kapita kaniuliza unatafuta nini humo. Nilipopiga kiki, ule mlio wa tik tik tik wa cherehani niliouzoea ukawa mdogo, laini, na asubuhi inawaka kiki ya kwanza. Mlio kidogo usikutishe, tapeti inayopiga kelele kidogo ni nzima, ile iliyobanwa ikanyamaza kimya ndio inaunguza valvu.

Oili ni 20W-50, inaingia pungufu kidogo ya lita ukimwaga, na hii injini haina filta ya karatasi ya oili, kwa hiyo uchafu mwingi unakaa humo humo, badilisha mapema. Cheni icheze kama sentimita mbili katikati. Breki za nyuma ukifungua usipulize lile vumbi kwa mdomo, breki shuu za zamani zinaweza kuwa na asbesto, mimi naona vifua vya watu kila siku, mwagia maji ufute na kitambaa.

Na kwa ile iliyolala stoo, naomba msikie vizuri hapa, usipige kiki! Vijana wakiona pikipiki ya zamani kitu cha kwanza wanarukia kiki. Pistoni inaweza kuwa imeshikana na kutu. Toa plagi, tia oili kijiko kwenye tundu lake, iache ilale, kesho yake sukuma kiki kwa mkono taratibu uone kama inashuka. Oili ya zamani mwaga yote. Petroli iliyomo mwaga, imeshageuka gundi. Tanki likiwa na kutu, na ukanda wetu huu wa Lindi na Mtwara chuma hakikai, lichomoe, litie siki na kokoto safi, litikise kila ukipita, liache usiku mzima, kisha suuza na maji ya magadi, likaushe juani na ulijaze petroli siku hiyo hiyo maana likikaa tupu kutu inarudi.

Mtasema dada haya yote nani ana muda. Mbona muda wa kukaa gereji kusubiri "saa kumi" upo? Tunalia spea ghali, mafundi wezi, na wakati huo hata kufungua filta hatujawahi. Wasichana nyie ndio kabisa, mnaendesha vizuri kuliko kaka zenu lakini pikipiki ikizima mnashuka mnasimama pembeni mnapiga simu. Fungua! Anza na filta, haing'ati.

Vifaa vyangu vyote vinaingia kwenye kopo la maziwa ya unga: spana namba nane mpaka kumi na nne, ya kumi na saba na ya plagi, bisibisi mbili, plaizi, msasa, fila geji. Hiyo fila geji ndio inaniletea wageni siku hizi, wale wale wa kijiweni, wanakuja na heshima, "dada nesi, tuazime vile vibati." Siazimi. Lete pikipiki asubuhi ikiwa baridi, nikupimie, na uje na plagi yako.