Mshale wa Spidi Unapodanganya Kwenye Video ya Gari

Juzi msomaji ameniandikia: gari lake limesimama kwenye taa nyekundu, lakini mshale wa spidi aliouweka juu ya video, kwa programu inayosoma data ya GPS, unaonyesha kilomita 40 kwa saa. Ameshabadilisha programu mara mbili, na sasa anataka kununua kamera nyingine. Asinunue. Faili yake ya GPS na video yake hazifuati saa moja, basi.

Tuanzie kwenye data yenyewe. Simu nyingi hurekodi nukta moja ya GPS kila sekunde. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hupita karibu mita 28 ndani ya sekunde hiyo, na mita hizo zote programu inazikisia. Kwenye barabara iliyonyooka hutaona kitu. Kwenye kona kali mstari wa ramani utakatiza nje ya barabara. Kipokezi cha nje cha Bluetooth chenye nukta 10 kwa sekunde kinatibu hilo. Kiweke juu ya dashibodi kikiona anga, ukiwashe, na usiondoke mpaka kimeshika satelaiti. Vioo vingine vya mbele vina utando mwembamba wa metali wa kuzuia joto, nao hudhoofisha mawimbi. Ikiwa ni hivyo, kihamishie kwenye kioo kingine.

Angalia pia aina ya faili. GPX 1.1, aina ya kawaida ya faili ya njia ya GPS, haina sehemu rasmi ya kasi, kwa hiyo programu hupiga hesabu ya umbali kati ya nukta mbili, na mshale unatetemeka kama mwenye homa. Programu ya simu kama RaceChrono inaweza kutoa faili za aina ya CSV au VBO, ambazo zimebeba kasi iliyopimwa na kipokezi chenyewe. Chukua hizo.

Wenye kamera za GoPro: Hero12 Black haina GPS, Hero13 Black imerudishiwa. Data ya GPS hukaa ndani ya faili ile ile ya video (MP4), na programu nyingi za kuhariri huitupa bila kukuambia. Itoe kutoka faili halisi kabla hujakata hata sekunde moja.

Sasa kuoanisha data na video, ambako watu wanataka kuharakisha ili wakachezee rangi za geji, yaani hiyo mishale na namba za juu ya video. Usiamini saa ya kamera. GPX huandika muda wa UTC (saa ya kimataifa), kamera huandika ule uliouweka wewe, na huenda uliuweka vibaya. Tafuta mahali gari linapofunga breki hadi kusimama kabisa. Simamisha video kwenye fremu (picha moja ya video) ambayo vitu vya nje vinaacha kusogea, kisha sogeza data mpaka kasi ifike sifuri hapo hapo. GPS ikicheza kati ya kilomita 0 na 1 kwa saa gari likiwa limesimama, ni kawaida.

Halafu rudia ukaguzi karibu na mwisho wa video. Hatua hii wengi wanairuka, kisha wananiandikia. Mwanzo na mwisho vikikosea kwa kiasi kile kile, sogeza data yote. Mwanzo ukikubali na mwisho ukakataa, shida ni fremu: video ya fremu 29.97 kwa sekunde ikisomwa kama 30 hupotea sekunde 3.6 kwa saa nzima. Video za simu ni mbaya zaidi kwa sababu idadi ya fremu kwa sekunde hubadilika-badilika. Zipitishe kwanza kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha video, ukichagua idadi ya fremu isiyobadilika.

Na ukiona GPS iko chini kidogo ya spidomita ya gari, usiirekebishe. Spidomita hutengenezwa isionyeshe kamwe chini ya kasi halisi, hivyo nyingi huzidisha.

Ukitaka geji peke yake ili uziweke juu ya video kwenye programu nyingine, toa faili ya video ya aina ya ProRes 4444. Aina ya kawaida, H.264, haibebi uwazi wa kuonyesha video iliyo chini, utapata mandharinyuma meusi. Kabla ya kupandisha video, ondoa ramani kwenye kilomita ya kwanza na ya mwisho, la sivyo umewaonyesha watu wote gari linalala wapi.