Maswali ya wasomaji: Hali nyama wala maziwa na safari imefika, atakula wapi?

Mwezi huu mmeniandikia sana kuhusu chakula cha safarini, na wengi mnaouliza ni vegani, yaani mmeacha nyama, samaki, mayai, maziwa na hata asali, wengine kwa imani, wengine kwa afya, wengine kwa huruma kwa wanyama. Hapa nyumbani mnajua kujipanga, shida inaanza pasipoti ikishagongwa muhuri pale Entebbe. Nimechukua barua nne, ya kwanza nimeijibu kirefu kwa sababu iko na mambo mengi ndani yake.

Dada, habari ya kazi? Mimi niko na duka la nguo Kikuubo. Niliacha nyama, samaki, mayai na maziwa na mwili umekubali kabisa. Sasa mwezi ujao naenda Guangzhou kuchukua mzigo, kwenda napitia Addis Ababa na nitalala huko, kurudi napitia Istanbul niangalie bei za Laleli, mtaa wao wa nguo za jumla. Wenzangu wa dukani wananiambia China nitashindia chai ya rangi na ndizi. Nisaidie. – Mama wa Kikuubo, Kampala

Mama usiogope, utakula na utashiba, ila lazima ujipange kabla hujapanda ndege. Kitu kimoja nataka ukishike sana: ukifika mji wa watu usianze kuzunguka kutafuta kibao kimeandikwa vegani, vipo lakini ni vichache, saa ingine viko mbali na soko na bei yake ni ya watalii. Wewe ulizia watu wa pale ambao imani yao inawafanya waache nyama. Pale ambapo watu wamefunga hivyo karne na karne lazima kuna mtu anawapikia, na anapika vizuri manake ndiyo chakula chao, na bei ni ya mwananchi wa kawaida.

Addis ndiyo rahisi kushinda zote. Waumini wa Kanisa la Orthodox la Ethiopia wanafunga kila Jumatano na Ijumaa, Kwaresima yao ni siku 55, na mfungo wenyewe ni kuacha nyama, mayai, maziwa na siagi, vyote. Kwa hiyo ingia hoteli yoyote ya mtaani, sema "tsom", yaani mfungo, watakuelewa hapo hapo, agiza beyaynetu. Utaletewa sinia ya injera, ule mkate wao mwembamba mchachu, imetandikwa yote, juu yake dengu nyekundu za pilipili, mbaazi za njano zisizo na pilipili, sukuma, kabichi na karoti, viazi, na katikati shiro nzito ya moto, ule mchuzi wa unga wa dengu, unachota na injera yenyewe mpaka unafikia ile ya chini iliyolowa mchuzi, na hiyo ndiyo tamu zaidi. Angalia mambo mawili tu. Kuna watu wanakula samaki hata kwenye mfungo, kwa hiyo kwa samaki uliza. Halafu zile siku 50 baada ya Pasaka yao hawafungi Jumatano wala Ijumaa, wakati huo shiro inaweza kutiwa kibe, ile samli yao ya viungo, basi sisitiza iwe ya tsom.

Guangzhou sasa, huko kuna kazi kidogo. Si kwamba mboga hakuna, mboga zimejaa za kila aina na wale watu wanajua kuzipika, shida ni vile vitu havionekani kwa macho. Ukisema hutaki nyama mpishi anaweza kukutolea vipande akaacha mchuzi ule ule wa mifupa, na anaona amekusaidia kabisa. Mboga za majani wanaweza kukaanga na mafuta ya nguruwe au kumwagia sosi ya chaza juu, tofu ya pilipili ile maarufu ya mapo kwa kawaida inakuja na nyama ya kusaga. Kwa hiyo usiseme usichokula, sema unachokula: "wo chi su", yaani mimi nakula chakula kisicho na nyama. Na herufi yenyewe ndiyo hii, 素, iandike kubwa kwenye karatasi uweke kwenye pochi, ipige na picha. Ukiiona kwenye kibao cha mgahawa ingia, mara nyingi ni wa Wabudha au wa watu wanaopika kama wao. Xiaobei, ambako Waafrika wengi wanafikia, iko wilaya ya Yuexiu, na mahekalu ya zamani ya Guangxiao na Liurong yako wilaya hiyo hiyo, anza kuulizia mitaa ya karibu na hapo. Wabudha wengi wanakula hivyo tarehe 1 na tarehe 15 za mwezi wao wa kuandama, siku hizo nenda mapema kabla watu hawajajaa.

Kwenye hiyo migahawa utaona bata, samaki, hata nyama ya kukaanga kwenye picha za menyu, usishtuke, inakuwa ni soya au ngano imetengenezwa ifanane. Ila vingine vinashikanishwa na ute wa yai, uliza "jidan" ambayo ni mayai na "niunai" ambayo ni maziwa. Na wenzako wakikupeleka kwa Waislamu wa tambi za Lanzhou, kweli ni halali na nguruwe hakuna, lakini ile supu ni ya ng'ombe, hapo agiza tango la kitunguu saumu na viazi vya kukaanga vilivyokatwa nyembamba, na hivyo viazi uliza wametumia mafuta gani.

Kitu kingine Mama, Google kule haifunguki kama hapa. Pakua lugha ya Kichina kwenye programu yako ya kutafsiri ukiwa bado Kampala na intaneti yako, iwe inafanya kazi hata bila mtandao.

Istanbul utapumzika. Tafuta lokanta za wafanyakazi, zile chakula kiko kwenye masinia nyuma ya kioo na unaonyesha kwa kidole, hapo hakuna haja ya lugha nyingi. Vyakula wanavyoviita zeytinyağlı vimepikwa na mafuta ya zeituni na vinaliwa vikiwa baridi, maharagwe mabichi, majani ya mzabibu yaliyojazwa mchele, artichoki, hivyo kwa kawaida ni salama. Wali wao mara nyingi una siagi, supu ya dengu saa ingine ina mchuzi wa nyama, uliza "et suyu var mı?" Halafu kuna çiğ köfte, zamani ilikuwa nyama mbichi lakini siku hizi madukani wanauza isiyo na nyama, ni bulgur, ngano iliyovunjwa, imekandwa na pilipili na nyanya, wanakufungia kwenye mkate mwembamba na majani na limau, unakula huku unatembea kuangalia bei.

Na ukibeba odii, ile simsim na karanga iliyosagwa laini, na ninajua utabeba, iweke kwenye sanduku la chini. Kwenye mkoba wa mkononi wanaihesabu kama kimiminika, ikizidi mililita 100 wanaichukua hapo hapo Entebbe, na kopo zima la simsim na karanga linauma. Karanga kavu za kukaanga na simsim haina shida kwenye mkoba.

Dada mimi ni muuguzi, naenda Berlin kwenye mkutano. Safari iliyopita niliandika vejeteriani kwenye tiketi nikaletewa tambi na jibini, sikula mpaka tukatua. Nafanyaje safari hii? – Muuguzi, Gulu

Pole sana ndugu yangu, njaa ya angani ni mbaya. Vejeteriani kwa ndege ni aina nyingi na kila moja iko na msimbo wake, wewe unataka VGML, hiyo ndiyo haina mayai wala maziwa. VLML iko na mayai na maziwa, ndiyo pengine walikupa. AVML ni chakula cha Kihindi kisicho na nyama lakini maziwa yamo. Iagize angalau saa 24 kabla, mashirika mengine yanataka zaidi, halafu kama unabadilisha ndege katikati hakikisha imeandikwa kwa ndege zote mbili, na ukibadilisha tarehe ya tiketi angalia upya manake oda inaweza kupotea bila mtu kukuambia.

Berlin yenyewe haitakusumbua. Weka HappyCow kwenye simu, imekuwepo tangu 1999 na wasafiri wenyewe ndio wanaongeza sehemu, inakutofautishia mgahawa wa vegani mtupu, wa vejeteriani, na wa kawaida ambao una kitu chako. Soma maoni ya karibuni, migahawa inafungwa kila siku. Ukikosa, nenda Sonnenallee kule Neukölln, Waarabu wamejaa na falafel ni ya uhakika, sema wakuwekee tahini wasiweke sosi ya mtindi. Nchi zote za Umoja wa Ulaya tangu Desemba 2014 sheria inataka mgahawa uweze kukuambia kama chakula kina vile vitu 14 vinavyoleta aleji, na maziwa, mayai, samaki na kamba vimo humo, kwa hiyo omba hiyo orodha bila aibu. Nyama na asali havimo kwenye hizo 14, hivyo uliza kwa mdomo.

Nimepata nafasi ya kusoma India. Watu wananiambia nchi nzima haili nyama kwa hiyo nimefika peponi. Ni kweli? – Mwanafunzi, Mbarara

Hongera kwanza! Lakini nchi nzima hapana, Wahindi wengi sana wanakula nyama, ila ni kweli kwamba kupata chakula kisicho na nyama huko ni rahisi kuliko karibu popote. Bidhaa za pakiti zina alama, duara la kijani ndani ya mraba wa kijani, maana yake hakuna nyama, samaki wala mayai. Maziwa lakini yanaruhusiwa, na hapo ndipo utakapopambana, manake samli wanapaka kwenye chapati, mtindi wanatia kwenye naan, paneer ni jibini, na chai inachemshwa na maziwa moja kwa moja. Jifunze "bina ghee, bina doodh, bina dahi", yaani bila samli, bila maziwa, bila mtindi. Hata migahawa ya Wajaini, ambao ni wakali mpaka vitunguu na viazi hawali, maziwa wanayo. Tangu 2022 kuna kanuni ya serikali na alama maalum kwa vyakula vya vegani, iangalie dukani. Na kila asubuhi utakutana na idli na dosa, mchele na dengu vilivyochachushwa, mwambie anayepika dosa atumie mafuta badala ya samli, chatne ya nazi uliza kama ina mtindi, utakula na utapenda.

Sisi ni wawili kutoka Arusha, vegani wote, tunakuja Kampala kwenye harusi na baadaye tunaenda Mbale kutembea. Uganda tutakula nini jamani? Tunasikia ni rolex tu. – Wageni wenu, Arusha

Karibuni sana! Rolex ni chapati na mayai kwa hiyo hiyo iacheni, nyie ombeni kikomando, chapati imekatwa vipande ikamwagiwa maharagwe, mtaani iko kila kona na bei yake hata mwanafunzi anaimudu. Uliza tu chapati kama imekandwa na maziwa.

Kwenye vibanda vya chakula hapa unachagua vitu viwili, kwanza chakula chenyewe, matoke, posho (ndiyo ugali wenu), muhogo, viazi vitamu, malenge, wali, na wanaweza kukuchanganyia vyote sahani moja mpaka inajaa. Halafu unachagua mchuzi. Mchuzi wenu ni binyebwa, ile karanga ya rangi ya waridi, nzito, juu ya matoke iliyovukwa kwenye majani ya mgomba, banange, mtarudi kuiomba. Ila kabla hajapakua muulizeni kama ameweka mukene (dagaa) au samaki wa kukaushwa au nyama, wengi wanaweka ili kuongeza ladha. Na mkiagiza maharagwe mama anaweza kuwaongezea supu ya nyama juu ya wali kwa ukarimu wake, bila kuombwa, basi mwambieni mapema: hapana supu, mama, asante. Mboga za nakati na dodo ziko, katogo ya asubuhi, yaani matoke yaliyopikwa pamoja na mchuzi wake, hakikisheni ni ya maharagwe maana ile maarufu ni ya utumbo. Sahani ya watu wa magharibi wa Uganda inaweza kuwa na samli, hivyo firinda, yale maharagwe yaliyomenywa maganda, ulizeni kwanza. Mkitamani kubadilisha, Kabalagala kuna migahawa ya Kihabeshi na yale niliyomwambia Mama wa Kikuubo yanafanya kazi hapo pia.

Mbale msiondoke bila malewa. Ni machipukizi ya mianzi ya mlima Elgon, yanakaushwa kwa moshi, halafu yanachemshwa na kupikwa kwenye karanga iliyosagwa, yana utafunaji fulani hivi na harufu ya moshi inabaki mpaka mwisho. Hayo hayahitaji maswali mengi.

Harusini ndiyo mjipange. Mwambieni mwenyeji wenu wiki moja kabla, si siku yenyewe, manake luwombo zinapikwa zimefungwa kwenye jani la mgomba na kwenye meza zote zinafanana, ya kuku, ya nyama na ya binyebwa. Akiwatengea mbili za binyebwa na uyoga wazifunge na uzi tofauti, na anayepakua aambiwe ni za nani.