Pentasini moja, sabstreti mbili, namba mbili tofauti

Swali: Nimefukiza pentasini (semikondakta ya ogani) juu ya sabstreti mbili, yaani nyuso za kuwekea filamu: dhahabu niliyoisafisha ndani ya vakyumu, na silikoni oksaidi. Siku moja, unga mmoja, unene nanomita 10 kwenye kila sabstreti. Nikipima kwa fotoelektroni (elektroni zinazong'olewa na mwanga), nishati ya kung'oa elektroni kwenye molekuli inapishana karibu nusu elektroni-volti (kipimo cha nishati). Unga una uchafu au mashine ndo mbovu?

Jibu: Ndugu yangu, unga usiutupe na mashine iache kwanza. Hiyo tofauti inatoka kwenye mkao wa molekuli, yaani zimelala au zimesimama.

Pentasini ni molekuli bapa, pete 5 za benzini zimeungana kwenye mstari, urefu kama nanomita 1.6 hivi. Silikoni oksaidi haiivuti sana kwahiyo molekuli zinashikana zenyewe kwa zenyewe na kusimama kama vitabu kwenye rafu, lakini dhahabu safi inaivuta ubapa wake wote, inalala. Sasa ile elektroni inayoruka inapita wapi? Zikisimama, upande unaotazama vakyumu ni ncha za hidrojeni zenye chaji chanya kidogo, elektroni inatoka kwa nafuu. Zikilala inakutana na wingu la elektroni la molekuli yenyewe, lenye chaji hasi, basi inalipa zaidi. Molekuli ni ile ile, hakuna kifungo cha kemia kilichobadilika.

Ila kwenye dhahabu kuna jambo la pili na hili ndo linawachanganya wengi. Elektroni za metali huwa zinamwagika kidogo nje ya uso wake, molekuli ikija kulala pale inazisukuma zirudi ndani, na nishati ya kung'oa elektroni kwenye dhahabu yenyewe inashuka, inaweza kufika nusu elektroni-volti au zaidi, bila molekuli kupewa wala kunyang'anywa elektroni hata moja. Ndo maana ile tabia ya kuchukua namba ya dhahabu kwenye jedwali moja na ya pentasini kwenye jedwali lingine halafu unazipanga kwa mstari mmoja wa vakyumu (kiwango cha nishati cha elektroni iliyotoka nje na kuwa huru), mimi siipendi kabisa, mchoro unatoka mzuri na jibu si kweli.

Alafu tabaka la kwanza linaweza hata kuchanganya mawingu yake na ya metali. Mwaka 2005 watafiti wa IBM kule Zurich waliweka tabaka chache tu za chumvi, sodiamu kloraidi, kati ya shaba na pentasini, na hadubini ya ncha (ncha kali inayopita juu ya uso ikipima mkondo wa umeme) ikaonyesha maumbo ya obitali, yaani mawingu ya elektroni, karibu kama ya molekuli iliyo huru. Hayo matabaka machache yalitosha!

Cha kufanya: rudia kwa hatua, nanomita 0.3, 1, 2, 5, 10, upime kila hatua. Namba ya dhahabu ikishuka mwanzoni tu kisha ikatulia, ni kule kusukumwa. Nishati ya molekuli ikianza kushuka filamu inavyonenepa, zilizo juu zimeanza kunyanyuka. Na dhahabu isiguse hewa kabla ya kufukiza, maana uchafu wa hewani unaweza kuisimamisha pentasini hata hapo, utajikuta unapima kitu kingine kabisa.